Haki ya Mtajwa: Marejeleo na Maadili ya Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Kanuni za kuandaa marejeleo aghalabu hufundishwa mwishoni mwa kozi ya mbinu za utafiti: koma iwekwe wapi, anwani ya kitabu iandikwe kwa mlazo, mwaka ufungwe katika mabano. Mwanafunzi hutoka darasani akiamini kuwa hilo ni suala la ufundi tu. Makala haya yanashikilia rai tofauti. Tunadai kwamba kila umbo la rejeleo hutoa hukumu: humtaja mmoja kuwa mwenye kazi, na humruhusu msomaji kumsahau mwingine. Kwa hiyo swali la namna ya kurejelea ni swali la haki kabla ya kuwa swali la alama za uandishi.

Tuanze na kisa kilichotupata wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulipeleka kwa jarida moja la ng'ambo mswada kuhusu tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa. Mswada ulirudi umesahihishwa kwa mtindo wa mwandishi na mwaka, na kila tulipomrejelea Muyaka paliandikwa "Haji (1940)". Haji ni jina la baba. Muyaka mwenyewe alifariki karibu mwaka 1840. Hivyo, kwa masahihisho machache ya mhariri, baba alikabidhiwa tungo za mwanawe, na marehemu akaonekana kuandika miaka mia moja baada ya kufa kwake. Kosa tuliliona, nasi tukanyamaza. Muda wa kujibu ulikuwa mfupi, na tulihitaji makala hayo katika maombi ya kupandishwa cheo.

Mwaka 1940 ulitoka wapi? Ni mwaka ambao William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy kupitia Witwatersrand University Press, Johannesburg. Hichens alitegemea karatasi za mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, aliyeishi Mombasa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Taylor naye alimtegemea Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mshairi na mwanachuoni wa Mombasa, aliyezikusanya tungo hizo kutoka kwa watu waliokuwa bado wakizikumbuka. Baadaye Mohamed H. Abdulaziz alizitafiti upya katika kitabu chake cha mwaka 1979. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: bila Taylor na Hichens huenda tungo nyingi zingepotea. Lakini mhakiki anapoandika "Hichens 1940" peke yake, au "Haji 1940" kama ilivyotokea kwetu, mlolongo mzima wa wapokezi hukatwa ikabaki pete moja, na anayetoweka kabisa ni Mwalimu Sikujua.

Inafaa kukumbuka asili ya mtindo huu. Mfumo wa mwandishi na mwaka hunasibishwa na mwanazuolojia Edward Laurens Mark wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika makala yake ya mwaka 1881. Katika sayansi mwaka una uzito wake: matokeo ya majaribio huchakaa, na msomaji hana budi kujua upesi kama anasoma ya jana au ya zamani. Tungo za Muyaka hazichakai kwa namna hiyo, na mwaka wa kuchapishwa kwake hautuelezi lolote kuhusu Mombasa ya mtunzi. Hapa tunaona kwamba rejeleo hulipa madeni mawili. Deni la kwanza ni kwa msomaji, ambaye anadai njia ya kufikia chanzo ili ahakikishe. Deni la pili ni kwa mwenye kazi, ambaye anadai kutambuliwa. Mtindo wa kisayansi hulilipa la kwanza vizuri sana, kisha huchukulia kwamba la pili limelipika papo hapo.

Wala mapokeo yetu hayakuwa na upungufu wa adabu hii. Mwana Kupona binti Msham, katika beti za mwisho za utendi wake, alitaja mwaka wa Hijria 1275, yaani 1858, pamoja na idadi ya beti, ambazo ni 102. Aliyeipokea kazi hiyo aliweza kuhesabu na kujua iwapo kuna kilichodondoka. Wanachuoni wa pwani walikuwa pia na mfano wa elimu ya Hadithi, ambamo matini hayakubaliki bila sanad, yaani mlolongo wa wapokezi waliotajwa mmoja baada ya mwingine. Kumruka mpokezi mmoja ni kuitilia shaka kauli yenyewe.

Yupo atakayesema kwamba jarida haliwezi kuendeshwa bila utaratibu mmoja, na kwamba kila jamii ikidai kanuni yake orodha ya marejeleo itakuwa vurugu. Hoja hii ina nguvu, lakini haihitaji jina la baba litangulizwe. Aisilandi watu huorodheshwa kwa majina yao ya kwanza, kwa kuwa la pili hutokana na jina la mzazi, na maktaba zao hazijavurugika. "Bin" ya Mvita na "arap" ya wenyeji wa huku Eldoret ni neno moja kwa maana, mwana wa fulani. Utaratibu unaoshindwa kumtofautisha mwana na babaye haujakuwa utaratibu kamili.

Suala ni zito zaidi kwa walio hai. Mtindo wa APA huyahesabu mazungumzo ya ana kwa ana yasiyorekodiwa kuwa mawasiliano binafsi na kuyaacha nje ya orodha, kwa hoja kwamba msomaji hawezi kuyafikia. Hoja hiyo hulilipa deni la msomaji pekee. Mzee aliyemfunulia mtafiti maana ya fumbo hubaki nje, na kitabu ambacho mtafiti alikipitia kwa haraka huingia ndani.

Tunapendekeza mambo mawili. Mtunzi aorodheshwe kwa jina alilojulikana nalo, na palipo na wapokezi watajwe: Muyaka bin Haji, kwa mapokezi ya Mwalimu Sikujua, miswada ya Taylor, uhariri wa Hichens 1940. Aliyefundisha kwa mdomo aingie katika orodha kwa jina, kama ameridhia, pamoja na mahali na tarehe. Rejeleo litarefuka kwa mstari mmoja, na deni litakuwa limelipwa.

Kuhusu kunyamaza kwetu, malipo yalikuja baadaye. Mwanafunzi wa uzamili alileta sura ya tasnifu yake ikiwa na "Haji (1940)" mara kadhaa, naye akauliza kwa adabu kama huyu Haji alikuwa na uhusiano wowote na Muyaka. Tulimwuliza alikolipata jina hilo. Alilipata katika makala yetu.