Kosa la Mwanafunzi

Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi. Kila adhabu iandikwe kitabuni, pamoja na kosa la mwanafunzi. Nilipokuwa nafundisha Mkange, nilimchapa mtoto viwili bila idhini. Sikuandika popote.

Nilimuuliza saba mara nane ni ngapi. Akanyamaza. Nikaona ni kiburi. Baada ya fimbo darasa zima lilitulia, nami nikaamini nimelimudu. Usiku nilijaribu kukijaza kile kitabu kichwani. Kosa: hakujua. Lakini si kutojua ndiko kulikomleta shule?

Kesho yake niliuliza tena, nikawaacha wajadiliane wawili wawili kabla ya kumtaja yeyote. Kelele zikarudi, na mikono ikanyooshwa hata na waliokosea. Yeye hakunyoosha. Wala wiki iliyofuata.

Kanuni zingeniuliza nilimchapa vingapi na kwa ruhusa ya nani. Mimi bado najiuliza jambo jingine: ikiwa nashindwa kuliandika kosa lake, ile adhabu ilikuwa ya kosa la nani?