Mti Wangu, Ruhusa ya Nani?

Ndugu zetu, Kanuni za Kenya za mwaka 2009 zilimtaka mkulima awe na miti katika asilimia 10 ya shamba lake. Mtu wa Boito, kwenye vilima vya chai, huuliza: mti nimeupanda mimi, vipi niombe ruhusa ya kuukata? Swali lake si la upuuzi, hasa ada ya skuli ikiwa imemkabili. Lakini lililo lake ni shina. Udongo ulioshikwa na mizizi ukiporomokea mtoni, wa bondeni ndio wanywao tope, nao hawakuulizwa. Basi kibali ni sauti ya hao wasiokuwapo. Na afisa anayekiuza kwa rushwa (tusimsahau huyu!) auza haki asiyoimiliki, na mkulima aliyemlipa hawezi kusema, “Nimeruhusiwa.”