Boda Ilianza Bila Tone la Petroli

Kabla hujapiga kiki asubuhi hii, wewe uliyeegesha pikipiki pale mpakani Busia ukingoja abiria wa kwanza avuke kutoka upande wa Uganda, nipe dakika chache. Kazi unayoifanya ilizaliwa hapo hapo ulipoegesha. Nairobi waliipokea, Kampala waliipokea, lakini chanzo chake ni mpaka huu. Katika miaka ya 1960 vijana wa huku walifunga kiti chenye kigodoro nyuma ya baiskeli, wakaanza kuwabeba wasafiri walioshushwa na basi upande mmoja na kulazimika kutembea na mizigo hadi upande wa pili. Kati ya vituo viwili vya forodha palikuwa na kipande cha ardhi ambacho gari lisilo na karatasi halikuruhusiwa kukipita. Baiskeli ilipita. Waendeshaji wakawaita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, mara mbili mbili, na midomo yetu ikalilainisha neno hilo hadi likawa boda boda. Leo linasemwa hata Dar es Salaam, na wengi wanaolisema hawajawahi kukanyaga Busia.

Injini ilikuja baadaye. Babu wa kazi yako alikuwa na baiskeli ya Black Mamba, miguu yenye nguvu na chupa ya maji. Hakununua lita hata moja.

Nakukumbusha hayo kwa sababu nimechoka kusikia kwamba boda na petroli ni mtu na kivuli chake. Nimechoka pia na malalamiko ya kila mwezi. Upande wa Kenya, kila tarehe 14 watu wanakaza macho kwenye simu wakisubiri bei mpya ya EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta. Septemba 2023 lita moja ya petroli Nairobi ilifika shilingi 211 na senti 64, na huku kwetu tuliongezewa gharama ya safari. Upande wa Uganda serikali haipangi bei, soko linaamua lenyewe. Januari 2022 madereva wa malori walipogoma Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya korona, petroli iliadimika Uganda, na zipo sehemu ambako lita iliuzwa hadi shilingi 10,000 za huko. Sisi wa mpakani tumejibu mambo haya kwa njia moja tuliyoizoea: jerikani. Bei ikiwa nafuu ng'ambo, jerikani inavuka. Ikigeuka, jerikani inageuka nayo.

Ninalokuomba leo ni tofauti. Acha kwa muda kufukuzia senti za ng'ambo, utazame petroli inayomwagika hapo ulipoketi.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme unatembea kilomita 120 kwa siku na pikipiki yako inakwenda kilomita 40 kwa lita. Hizo ni lita 3. Ukiirekebisha ikafika kilomita 48 kwa lita, utatumia lita mbili na nusu. Umeokoa nusu lita, chupa ndogo ya soda, na hakuna atakayeandamana kwa ajili yake. Lakini ukifanya kazi siku 26, hizo ni lita 13 kwa mwezi, na kwa mwaka ni lita 156. Kadiria lita kwa shilingi 180 za Kenya, utapata shilingi 28,080. Kuna watu hapa wanalipia mkopo wa pikipiki kila jioni huku fedha kama hizo zikitokea ekzosi. Na kwa kuwa kila lita ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa, utakuwa umeinusuru anga na zaidi ya kilo 350, wewe peke yako, bila semina na bila fulana ya mradi. Zidisha kwa idadi ya pikipiki za steji yako.

Kilomita nane za ziada kwa lita zinatoka wapi? Sina dawa ya kumimina kwenye tangi, na anayekuuzia dawa hiyo anakula jasho lako. Zinatoka kwenye vitu unavyovijua na umevizoea mno.

Juzi nilimkuta fundi mmoja, kijana mwenye mikono myeusi kwa grisi, akihudumia pikipiki ambayo mwenyewe alilia kwamba "inakunywa". Mwenye pikipiki alishaamua kwamba kabureta imekufa na alikuwa tayari kununua nyingine. Fundi hakushika kabureta. Aliisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, akaweka gia huru, akazungusha gurudumu la nyuma kwa kiganja. Likazunguka nusu duara, likatoa sauti ya kukwaruza, likasimama. Akamtazama mwenyewe bila kusema kitu. Breki ilikuwa imekazwa kupita kiasi, viatu vyake vinasugua ngoma mchana kutwa. Yule bwana alikuwa anaendesha na breki, wiki baada ya wiki, analipia petroli ya kupigana na breki zake mwenyewe. Fundi akalegeza nati kidogo, akajaribu breki kwa mguu kuhakikisha bado inashika, akazungusha tena. Safari hii gurudumu lilizunguka hadi tukaanza kuzungumza mambo mengine.

Kisha akabonyeza mnyororo kwa kidole. Ulikuwa mkavu kama kuni, umejaa vumbi jekundu, na umekazwa kama waya wa kuanikia nguo. Mnyororo unatakiwa ucheze kidogo na uwe na mafuta. Mwisho akauliza upepo. Mwenye pikipiki akapiga tairi teke, akasema liko sawa. Huo ndio upimaji wetu, teke. Fundi akatoa geji, na tairi la nyuma lilikuwa limepungua sana. Tairi legevu hulala barabarani, injini ikawa inalikokota badala ya kulizungusha. Geji ya upepo haifiki bei ya mafuta ya siku mbili, na steji nzima inaweza kutumia moja. Changeni leo.

Chujio la hewa nalo likijaa vumbi la njia za Matayos, injini inavuta pumzi kwa shida na kula mafuta zaidi. Choki uliyoivuta alfajiri wakati wa baridi na kuisahau hadi Bumala inakuibia vilevile. Hayo ni ya kurekebisha kwa dakika moja, sitayaremba.

Lakini mwizi mkubwa kuliko wote ni mkono wako wa kulia. Unavuta moto kwa nguvu ukitoka steji, unafika kwenye tuta, unafunga breki, unavuta moto tena. Kila breki uliyofunga ni petroli uliyokwisha kulipia inayogeuka joto kwenye ngoma. Tazama mbele, achilia moto mapema, acha pikipiki iteleze yenyewe hadi kwenye tuta. Panda gia mapema, usiiache injini ipige kelele kwenye gia ya pili. Na huko barabara ya lami ya kwenda Kisumu, punguza. Ukitoka mwendo wa 40 hadi 80, upepo unaokupinga huongezeka mara nne. Mara nne, ndugu yangu, ili ufike mapema ukakae kwenye foleni ileile.

Jambo moja nalikataza kabisa, ingawa najua linafanyika: kuzima injini mteremkoni ili "iteleze bure". Unapoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo, umebaki na breki tupu na abiria mgongoni. Hiyo si akiba hata kidogo.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la kurasa chache. Kila unapoweka mafuta andika kilomita na lita, basi. Kilomita kwa lita zikianza kushuka, pikipiki inakuambia inaumwa kabla haijakulaza njiani. Mwenye daftari hadanganywi na fundi, wala na mwenye kuuza petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, mchezo uliozoeleka kiasi kwamba Kenya ilitoza ushuru maalumu kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuuzima.

Na wewe dereva wa lori uliyepanga mstari kuelekea forodhani, usijifanye haya ni ya watoto wa boda. Injini ya lori kubwa ikinguruma bila kutembea hula kama lita 3 za dizeli kwa saa. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni tarehe 24 Februari 2018 ili lori likaguliwe mara moja tu, upande linaoingia. Hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo foleni zikitokea, wako wanaoacha injini ikinguruma huku wamelala kwenye kabini. Zima. Foleni ikisogea utasikia honi za walio nyuma yako, hawana haya.

Tukishaziba matundu hayo ndipo tuulize swali kubwa zaidi: kwa nini petroli kabisa?

Fikiria umeme wetu unatoka wapi. Upande wa Uganda ni maji ya Mto Nile: Nalubaale pale Jinja tangu mwaka 1954, Bujagali tangu 2012, na sasa Karuma. Upande wa Kenya sehemu kubwa ni mvuke wa Olkaria, maji ya mabwawa na upepo wa Turkana. Petroli kwa upande wake inanunuliwa ng'ambo ya bahari kwa dola, inashushwa Mombasa, kisha inavutwa bara hadi ikufikie. Injini ya petroli hugeuza kuwa mwendo kama robo tu ya nguvu iliyo kwenye mafuta, inayobaki ni joto linalokuchoma mguu. Mota ya umeme hutumia sehemu kubwa kabisa ya nguvu iliyopewa. Pikipiki ya umeme inaweza kumaliza zile kilomita 120 kwa uniti kama 4 za stima. Hata ukikadiria uniti kwa shilingi 30, hiyo ni shilingi 120 badala ya zile 540 za lita 3. Kituo cha kubadilishia betri kitaongeza faida yake juu, ni haki yake, lakini nafasi ya kuokoa bado ni pana. Hakuna plagi ya kubadilisha wala oili ya kumwaga.

Majirani wameshaanza. Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya ya abiria haitasajiliwa Kigali ila iwe ya umeme. Ethiopia mwaka 2024 ilifunga mlango kwa magari ya petroli na dizeli yanayoagizwa kutoka nje. Kampuni ya Zembo imezungusha pikipiki za umeme Kampala, Roam inaziunda Nairobi, Spiro inabadilisha betri pande zote mbili za mpaka wetu. Sisi tulioipa jina kazi hii tutakuwa wa mwisho?

Sikushauri ukimbie kuuza pikipiki yako kesho. Kampuni hizi zimeanzia miji mikubwa. Kabla hujauliza rangi, uliza kituo cha betri kilicho karibu kiko wapi, kina betri ngapi, na kinafungwa saa ngapi. Uliza betri ni mali ya nani na mkataba unasemaje siku ukishindwa kulipa. Wakikujibu kwa maneno matamu yasiyo na anwani, subiri. Lakini msisubiri mmoja mmoja. Chama cha steji chenye watu hamsini kikiiandikia kampuni kwamba kina wateja hamsini walio tayari Busia, barua hiyo itasomwa. Kikienda kwa wawakilishi wa kaunti kuomba kipande cha ardhi karibu na soko kwa ajili ya kituo, kitasikilizwa zaidi ya kilio cha mtu mmoja.

Reli nayo inarudi. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya umeme kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Mtu wa Tororo aliyekua akisikia honi ya treni chini ya mwamba wa mji huo anajua shehena inayobebwa na treni moja ingehitaji msururu wa malori. Hilo si lako wala langu kulijenga, tupite.

Lililo langu na lako ni hili la mjini. Busia ni tambarare. Mama anayetoka Marachi kwenda sokoni na kikapu kimoja hahitaji injini ya cc mia moja na hamsini. Baiskeli za abiria bado zipo, na anayezipanda analipa kidogo na kumlisha kijana asiye na mkopo wa pikipiki. Watazame wafanyabiashara wenye ulemavu wanaovusha bidhaa mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu, wakizizungusha kwa mikono. Magunia yamepangwa nyuma hadi hukioni kichwa cha mwenyewe. Wamefanya biashara hiyo miaka na miaka, bila kituo cha mafuta. Nikiwaona, ule uvivu wangu wa kuita boda kwa safari ya mita mia tatu huniaibisha, na siku hizi natembea.

Basi kesho asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, weka gia huru, uzungushe gurudumu la nyuma kwa kiganja. Likisimama kabla hujahesabu tatu, mpigie fundi kabla ya kwenda kuweka mafuta.