Tadbiri ya Mja na Kesho Isiyo Yake

Jioni moja, nilipokuwa nimetandaza juu ya mkeka ramani ya Usambara na mwambao wa Tanga, nikiandika siku kwa siku mahali nitakapolala na baiskeli yangu, mjomba wangu aliinama akaisoma karatasi ile toka mwanzo hata mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, katika siku hizi nane, ya Mungu ni ipi?" Nilimjibu kwamba inshallah nimeiandika juu kabisa, kabla ya tarehe ya kwanza, naye akanyamaza, na kunyamaza kwake kulinishughulisha kuliko jawabu lolote ambalo angalinipa.

Qur'ani, katika Sura ya Pango, humkataza mja kusema kuwa atalitenda jambo kesho pasipo kulifungamanisha na mapenzi ya Mungu, na Waraka wa Yakobo huwaonya wafanyabiashara waupangao mwaka mzima ilhali hawaijui kesho. Hivyo dini mbili zinazokaa mtaa mmoja pale Tanga zimeafikiana katika hili. Je, mtu aipangaye safari ya furaha saa kwa saa amedai kumiliki kisicho chake?

Kupanga kwenyewe si kosa. Mtume, alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake bila kamba na kutawakali, alimwamuru amfunge kwanza, nami huikumbuka hekima hiyo kila nizitazamapo breki zangu. Barabara itokayo Lushoto, ikapita Soni penye maporomoko ya maji hata Mombo, huteremka yapata mita 1,000 katika kilomita 33 hivi, kona juu ya kona, jabali upande huu na korongo upande wa pili. Na ashukaye hapo kwa breki zilizolika, akisema kwamba ajali haina kinga, huyo hakutawakali hata kidogo, bali amemtwika Mola taksiri yake mwenyewe. Kukagua mnyororo, kufunga tyubu ya akiba, gundi, viraka na pampu, kungoja masika ipite ili udongo wa milimani ukauke, na kukumbuka kwamba katika miezi ya kusi upepo humkabili usoni mtu atokaye Tanga kwenda Pangani, yote hayo ni adabu mbele ya ulimwengu tusiouumba sisi.

Lakini adabu hiyo ina mpaka, nami nilikuwa nimeuvuka. Karatasi yangu iliniamuru niwe Irente jioni ya siku ya pili, jua likitua juu ya nyika ya Wamasai, na niwe nimeshiba uzuri huo kabla ya magharibi. Hata furaha nilikuwa nimeipangia saa yake, kana kwamba mawingu yalikuwa yameniahidi kukaa mbali. Hiyo ndiyo ghururi.

Kusini ya Tanga, katika njia ya Pangani, ipo Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Katika bahari ya upande huo merikebu ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama mwaka 1498, alipokuwa akienda Bara Hindi, na mwaka uliofuata, akirejea, aliichoma moto mwenyewe, kwa kuwa mabaharia wake walikuwa wamekufa wengi hata waliosalia hawakutosha kuendesha vyombo vyote. Wale waliolala chini ya nguzo za Tongoni nao walikuwa na hesabu zao za misimu na mizigo. Sidhani kwamba hesabu hizo zilikuwa upuuzi kwa sababu zilikatizwa. Kwani tumefundishwa kuwa mja akinuia jema asijaaliwe kulitenda, huandikiwa thawabu yake kamili. Basi nia ni yake, naye ataulizwa juu yake. Kutimia si kwake, na hapo ndipo kalamu yangu ilipopaswa kusimama.

Usiku ule nilifuta saa ya Irente. Baina ya Muheza na msitu wa Amani nikaacha siku mbili tupu, pasipo jina la mji wala idadi ya kilomita, ziwe za mvua, au za pancha, au za mwenyeji atakayesema nisiondoke bado. Asubuhi nilimpelekea mjomba karatasi. Alizigusa siku zile mbili kwa kidole, akanirudishia, akasema, "Sasa lete baiskeli hapa, nizitazame hizo breki."