Mwulize Beki wa Kushoto

Mechi ya Jumapili ikiisha hapa Mitunguu, Meru, timu iliyoshinda inajulikana. Mchezaji aliyeifaa zaidi ndiye hajulikani. Ubishi huanzia pembeni mwa uwanja, ukaandamana na watu hadi kituo cha bodaboda, na mara nyingi hulala huko mpaka Jumatatu, wakati malori ya ndizi za Nairobi yanapakiwa na vijana wale wale waliokuwa wakikimbia jana yake. Kambi moja humtaja straika aliyefunga mabao. Kambi nyingine, ambayo huwa na watu wazima kidogo, humtaja namba sita, yule anayesimama mbele ya mabeki, anayekaba na kutoa pasi fupi fupi zisizopigiwa makofi na yeyote. Wa kwanza wana hesabu mkononi. Wa pili wana hoja moja tu, nayo huitamka kwa sauti ya mtu aliyemaliza kesi: mtoeni huyo, mwone.

Mimi ni wa kambi ya pili, ila hoja hiyo hainiridhishi.

Wamarekani wameibishania hoja hiyo hiyo kwa miaka mingi na kwa pesa nyingi, katika ule mpira wao wa kofia ngumu. Mtu mkuu huko ni kwotabeki. Karibu kila timu yake inapoanza kushambulia, yeye ndiye anayeupokea mpira, na katika sekunde mbili tatu lazima aamue amrushie nani, amkabidhi nani, au akimbie nao mwenyewe, huku majitu ya kilo mia na ushei yakimjia kumwangusha. Kuanzia msimu wa 2013 hadi wa 2024, tuzo ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote katika ligi yao, NFL, ilikwenda kwa kwotabeki kila mara. Wa mwisho kabla ya hapo aliyeipata bila kuwa wa nafasi hiyo ni Adrian Peterson, msimu wa 2012. Ukiitazama orodha hiyo utadhani neno limekwisha: thamani iko kwenye nafasi, na atakayevaa jezi ile atavaa na thamani yake.

Sasa tumia kipimo cha wazee wa Mitunguu. Msimu wa 2010, Indianapolis Colts walishinda mechi 10 kati ya 16 wakiongozwa na Peyton Manning. Mwaka uliofuata Manning alikuwa akiuguza shingo baada ya upasuaji, hakucheza hata mechi moja. Colts wakashinda 2, wakafungwa 14. Kesi imekwisha, sivyo? Ngoja kwanza. Mwaka 2008 Tom Brady wa New England Patriots aliumia goti katika mechi ya kwanza kabisa ya msimu. Nafasi yake ikachukuliwa na Matt Cassel, kijana ambaye hakuwa ameanza mechi hata moja tangu sekondari, na Patriots wakashinda 11 kati ya 16. Brady huyo huyo alistaafu akiwa na mataji saba ya Super Bowl, fainali ya NFL, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyeifikia. Kwa hiyo ukimtoa Manning nyumba inaanguka, ukimtoa Brady nyumba inasimama, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba Brady hakuwa na thamani. Jaribio la kumwondoa mtu linawapima walioachwa kuliko linavyompima aliyeondoka.

(Kwa wanaopenda kujua kama na sisi tumo katika habari hizi: Colts ndio waliomsajili Daniel Adongo mwaka 2013, akitokea kwenye raga, akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Hakuwa kwotabeki. Alikuwa miongoni mwa wale wanaotumwa kukimbia na kukaba mpira unapopigwa teke, kazi ambayo haina tuzo.)

Kinachochekesha ni kwamba kipimo hicho cha mtoeni mwone kikiletwa kwa wachezaji wetu, kinawageuka wenyewe walioleta hoja. Mwaka 2020 Michael Olunga alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani akiwa na Kashiwa Reysol. Alikuwa mfungaji bora, na juu ya hapo akatangazwa mchezaji mwenye thamani kuliko wote wa msimu, ingawa ubingwa ulichukuliwa na Kawasaki Frontale na Kashiwa ilimaliza ya saba. Januari 2021 akahamia Al-Duhail ya Qatar. Msimu huo Kashiwa ikateremka hadi nafasi ya 15. Mtoeni, mwone: wamemtoa, tumeona, na aliyeshinda kesi ni straika!

Simlaumu Olunga hata chembe. Hakuna mwajiriwa anayelaumiwa kwa kufanya kazi sana. Lakini kipimo chenyewe kina kasoro ambayo wazee wangeiona haraka kama kingetumiwa nje ya uwanja. Kinamtuza mtu kwa udhaifu wa wenzake. Kadiri timu inavyozidi kumtegemea, kadiri wengine wanavyozidi kusahau kufikiri, ndivyo yeye anavyozidi kuonekana mkubwa. Mchezaji aliyewafundisha wenzake hata wakaweza kusimama bila yeye, hicho kipimo kitamwita wa kawaida.

Mimi napendekeza tutazame kwingine. Ukitaka kujua thamani ya mchezaji, mwache yeye, umtazame aliye dhaifu kuliko wote katika timu yake, uone anachezaje wakati huyo bwana mkubwa yumo uwanjani.

Katika timu za huku kwetu mtu huyo dhaifu kwa kawaida ni beki wa kushoto. Nafasi hiyo haina mwenyewe. Watu wengi ni wa mguu wa kulia, wenye mguu wa kushoto wa kweli hukimbilia mbele wakafunge, basi kushoto nyuma hupewa aliyechelewa kufika, au ndugu wa mwenye mpira, au mwanafunzi wa sekondari ambaye sifa yake ni kuja na viatu vyake mwenyewe. Timu pinzani hulijua hilo kabla ya dakika ya kumi na huanza kupitishia mipira yote upande ule.

Hapo ndipo namba sita wa kweli hujitambulisha. Kabla mpira haujamfikia yule kijana, anamwambia, una muda, au, mtu nyuma. Pasi anayompa humfikia kwenye mguu anaouweza. Kijana akipokonywa mpira, namba sita anakuwa ameshafika pale pengo lilipofunguka, amelala na mpira nje, wamesimama wote wawili, mechi inaendelea. Na harushi mikono. Hilo la mikono ndilo ninaloliangalia kuliko pasi zote. Mchezaji anayerusha mikono mwenzake akikosea anawaambia watazamaji kosa lile si lake. Anajitoa kwenye timu kwa sekunde tatu mbele ya kadamnasi. Kijana wa viatu vyake mwenyewe, akirushiwa mikono mara mbili, hataomba mpira tena mpaka filimbi ya mwisho. Asiporushiwa, kipindi cha pili unamwona anapanda, anapiga krosi, watu wanaulizana, huyu ni mtoto wa nani?

Mitunguu wanaelewa kipimo cha namna hii hata bila mpira. Mradi wa umwagiliaji uliojengwa hapa miaka ya 1980 kwa msaada wa Ujerumani huyaleta maji ya Mto Thingithu mashambani kwa mteremko wa ardhi, bila pampu, na ndio uliochangia kuigeuza nchi hii ya joto iliyo chini ya Nkubu kuwa nchi ya ndizi. Mgawaji wa maji hapimwi kwa shamba la mtu wa juu, kwa kuwa huyo hupata maji hata mgawaji akilala. Anapimwa kwa mkulima wa mwisho wa laini: je, migomba yake imepata?

Victor Wanyama anatufaa kwa mfano, kwa sababu karibu kila mtu humkumbuka kwa jambo lisilokuwa kazi yake. Wanakumbuka kichwa alichowafunga Barcelona akiwa Celtic, tarehe 7 Novemba 2012, na lile kombora la Anfield, uwanjani kwa Liverpool, la Februari 2018. Yalikuwa mabao ya kusimuliwa wajukuu, hakuna ubishi. Lakini Southampton, alikokuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, hawakutoa pauni milioni 12.5 mwaka 2013 ili afunge. Mauricio Pochettino, kocha wao wakati huo, alimtaka kwa ukabaji, na mwaka 2016, akiwa sasa Tottenham, akamfuata tena kwa milioni 11. Msimu wa 2016/17 Wanyama alicheza mechi 36 kati ya 38 za ligi. Tottenham ikamaliza ya pili, na ikafungwa mabao 26 tu, machache kuliko timu yoyote.

Angalia sasa mabeki wa pembeni wa timu ile. Kyle Walker kulia na Danny Rose kushoto walikuwa wakipanda kama mawinga, na wachezaji wenzao wa ligi wakawachagua wote wawili katika kikosi bora cha msimu. Wanyama hakuchaguliwa. Mwaka huo huo Walker aliuzwa Manchester City kwa kiasi kinachokaribia pauni milioni 50. Sisemi Walker alibebwa. Mataji aliyoyatwaa City yanamtetea vya kutosha. Nasema tu kwamba beki anayejua pengo lake lina mlinzi hupanda bila kugeuza shingo, na Tottenham ile mlinzi wa mapengo alikuwa na jina la kwetu. Bei ya Walker ilipanda, na sehemu ya bei hiyo, kwa maoni yangu, ilikuwa ya Wanyama.

Kambi ya kwanza ina jibu zito, na ni haki lisikilizwe. Tarehe 27 Juni 2019, Cairo, Kombe la Mataifa ya Afrika, Kenya na Tanzania. Simon Msuva anafunga dakika ya 6. Olunga anasawazisha ya 39. Dakika moja baadaye Mbwana Samatta anairudisha Tanzania mbele. Johanna Omolo anasawazisha tena kipindi cha pili, na dakika ya 80 Olunga anaupeleka mpira wavuni: 3-2. Nahodha Wanyama alikuwa uwanjani usiku ule, akakaba alivyokaba, lakini bao la ushindi halifungwi kwa kukaba. Tena straika ana mzigo ambao namba sita haubebi. Kosa la namba sita hujificha katikati ya makosa ya wengine. Straika hukosa peke yake, mbele ya watu wote, na jina lake linatajwa.

Nakubali. Na niongeze jambo ambalo kambi yangu haipendi kulisikia: wapo namba sita wanaojificha nyuma ya unyenyekevu. Anatoa pasi ya mita tatu pembeni, kila mara, asije akakosea; mwisho wa mechi hajapoteza mpira hata mmoja na hajamsaidia mtu hata mmoja. Beki wa kushoto wa timu yake anateketea peke yake. Kipimo changu kinamkamata huyo pia. Kipimo hicho hicho kinaweza kumpa ushindi straika, yule ambaye akikabwa na watu wawili huwavuta makusudi mbali na lango ili kijana mgeni apate nafasi. Kinaweza kumpa kipa. Hapo ndipo ninapoachana na Wamarekani na orodha yao ya makwotabeki: nafasi humpa mtu fursa ya kuwafaa wenzake, haimlazimishi.

Agosti 2025 tuliiona Kenya ikicheza CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani, kwa mara ya kwanza. Sisi wa Meru tulikuwa na uchungu wetu wa zamani: Kinoru ilikuwa miongoni mwa viwanja vilivyoteuliwa kwa mashindano hayo ya 2018, kabla Kenya haijanyang'anywa uenyeji. Safari hii mechi za Kenya zikawa Kasarani, tukatazama kwa runinga. Vijana wa kocha Benni McCarthy waliongoza kundi lenye Morocco, DR Kongo, Angola na Zambia wakiwa wamefungwa bao moja tu. Dhidi ya Morocco, waliokuja kuwa mabingwa, Ryan Ogam alifunga, kisha Chris Erambo akatolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Kipindi chote cha pili Kenya ilicheza na watu kumi. Vibandani watu waliimba jina la Ogam, kwa haki. Lakini dakika zile arobaini na tano hazikuwa na namba sita mmoja. Kila aliyevaa jezi alikuwa akikimbilia pengo lililo karibu naye, na bao halikurudi. Madagascar walitutoa robo fainali kwa penalti.

Nina ombi kwa wanaoandaa mashindano ya Desemba huku kwetu. Desturi ni kumwachia mgeni rasmi, aliyefika dakika ya sabini, amteue mchezaji bora, naye humteua aliyemwona akifunga. Uingereza, tangu 1974, tuzo ya chama cha wachezaji hupigiwa kura na wachezaji wenyewe. Mwaka 2017 Harry Kane alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 29, lakini kura za wachezaji zikamwangukia N'Golo Kanté, kiungo mkabaji wa Chelsea. Basi mfungaji bora apewe haki yake, mabao yamehesabiwa na hana mpinzani. Kwa ile tuzo nyingine, wagawieni wachezaji vikaratasi, kila mmoja aandike jina lisilo lake, na kura ya beki wa kushoto isomwe kwanza.