Riziki na Ajali

Watu wanaposimulia maisha yao hupenda kuyasimulia kama safari ya jahazi lenye nahodha hodari: nanga iling'olewa, tanga likatwekwa, bandari ikafikwa. Masimulizi ya namna hii hupendeza masikioni, walakini ni nadra kuwa kweli tupu. Aghalabu maisha ya mwanadamu hugeuzwa na jambo dogo lisilotazamiwa: neno la mpita njia, barua iliyochelewa, au mvua iliyomzuia mtu barazani mwa asiyemjua. Jambo likiisha kupita, mtu hujikuta anaelekea upande mwingine, naye hawezi kusema kwa yakini ni nani aliyeushika usukani.

Wazee wetu walilitazama jambo hili wakalitia katika methali: Riziki kama ajali, huitambui ijapo. Methali hii husemwa mara nyingi na kufikiriwa mara chache. Riziki ni kheri na ajali ni shari. Kwa matunda yake vitu hivi viwili ni mbalimbali kama usiku na mchana. Mfano wake umo katika namna ya kuja. Vyote viwili haviombi ruhusa, na vyote viwili havina alama usoni. Saa itakayogeuza maisha ya mtu huja imevaa nguo za saa nyingine zote. Jina lake hulipata baadaye, wakati wa kusimuliwa. Kutokana na methali hii huzaliwa swali la maadili. Ikiwa maisha ya mtu yaligeuzwa na kitu asichokiita wala kukijua, sifa ni ya nani na lawama ni ya nani? Na sisi tulio kando ya njia yake, tuna wajibu gani?

Na tutwae mfano ulio wazi. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, nchini Kenya. Zama zile wavulana wengi walitangulizwa shuleni, na wasichana wengi walibaki na mama zao jikoni na shambani. Siku moja kaka yake, Nderitu, ambaye alikuwa mwanafunzi, alimwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama alifikiri, akaona hapana sababu ya kumzuia. Hayo ndiyo yote yaliyotokea. Hapakuwa na baraza wala hotuba. Mtoto aliuliza na mzazi akajibu. Walakini baada ya jibu lile msichana alikwenda shule. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa vijana karibu 300 wa Kenya waliopelekwa Marekani kusoma. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari mjini Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kuipata. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, na mwaka 2004 alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kutunukiwa. Alifariki mwaka 2011, akaacha mamilioni ya miti iliyopandwa na mikono ambayo yeye aliiamsha.

Mbele ya maisha kama haya watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kuwa bidii ndiyo iliyofanya yote, kwa sababu mwenye bidii angetokea tu, hata angefichwa chini ya mwamba. Kundi la pili husema kuwa bahati ndiyo iliyofanya yote, na sifa tunayompa mtu ni sifa ya upepo uliomvumia. Maisha ya mwanamke huyu huyasahihisha makundi yote mawili. Mwaka 1966 alirudi Nairobi akiwa na barua ya ahadi ya kazi katika chuo kikuu. Alipofika aliambiwa kuwa kazi ile amekwisha pewa mtu mwingine. Shahada zake zilikuwa zile zile na bidii yake ilikuwa ile ile, lakini mlango ulifungwa. Baadaye alionana na Reinhold Hofmann, profesa wa Kijerumani kutoka Giessen, aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya wanyama katika chuo hicho hicho na kuhitaji msaidizi, naye akamwajiri. Kama bidii ingalitosha peke yake, asingalimhitaji Hofmann. Na kama bahati ingalitosha peke yake, vijana wote wale karibu 300 wangalirudi na nishani ya Nobel. Saa humfikisha mtu kizingitini. Kuvuka ni kazi ya miguu yake. Asiyefikishwa hana pa kuvuka, na asiyevuka hana la kusifiwa. Kwa hiyo sifa yake ni ya haki, lakini ni sifa yenye ubia.

Hapa yafaa tujihadhari na fikira nyingine, ambayo ni tamu na kwa hiyo ni ya hatari. Wako watu ambao, wakiona matunda mema yaliyofuata pigo, husema kuwa pigo lenyewe lilikuwa jema. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliondoka Unguja mwaka 1866. Mwaka 1867 aliolewa huko Aden na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mume alipatwa na ajali ya tramu akafariki. Salme akawa mjane katika nchi ya baridi, mwenye watoto watatu wadogo na kipato haba. Alifundisha Kiarabu ili apate chakula, na aliwaandikia watoto wake kumbukumbu za utoto wake katika majumba ya Unguja. Kumbukumbu hizo zilichapishwa mwaka 1886, na mpaka leo msomi wa historia ya pwani yetu hawezi kuzipita.

Je, tuishukuru tramu? Hasha. Anayemwambia mjane kuwa msiba wake ni neema kwa kuwa umezaa kitabu, huyo hakufikiri wala hakuhurumia. Kheri iliyokuja nyuma haisafishi shari iliyotangulia. Kitabu kilitoka mikononi mwa mjane. Hakikutoka chini ya magurudumu. Ajali hubaki ajali, na sifa ni ya yule aliyekataa kuwa ajali tu. Kadhalika yule ambaye pigo lilimlaza asiinuke tena hastahili dharau yetu, maana hatujui uzito wa alichoangukiwa.

Mpaka hapa tumemtazama mtu aliyefikiwa na saa. Ndivyo tulivyozoea: kila mmoja hujihesabu kuwa mtu anayejiwa na mambo. Walakini riziki ya Wangari haikushuka kutoka mawinguni. Ilipita katika kinywa cha mvulana. Nderitu hakujua kuwa anageuza maisha ya mtu, sembuse kuigusa historia ya nchi. Hofmann naye alikuwa akitafuta msaidizi. Ikiwa hatuwezi kuitambua saa yetu ijapo, basi pia hatuwezi kuitambua saa ambayo sisi wenyewe ni riziki au ajali ya mwenzetu. Mwalimu anayesoma karatasi ya 80 usiku akiwa amechoka, karani anayeweka barua chini ya rundo, mwanafunzi anayemcheka mwenziwe kwa kukosea neno: hakuna hata mmoja wao adhaniaye kuwa ameshika usukani wa jahazi la mtu. Kutojua huku hakutuondolei wajibu. Bali ndiko kunakotulazimisha tuyatende madogo kwa uangalifu, kwa kuwa madogo yaliyo makubwa hayana alama.

Tena liko jambo la haki. Kwa kila msichana aliyeulizwa habari zake, walikuwako wengi ambao hakuna aliyewaulizia, na akili zao hazikuwa pungufu. Hao hawana kitabu wala nishani, na kwa sababu hawakusimuliwa twadhani hawakuwako. Jamii inayoridhika na visa vya bahati huwasifu waliookoka na kuwasahau waliozama. Dawa yake ni kuigeuza bahati iwe haki. Mwaka 2003 serikali ya Kenya iliondoa ada katika shule za msingi, na kwa tendo hilo swali la Nderitu likaulizwa kwa ajili ya watoto wote wa nchi kwa mara moja. Mwaka 2004 alijitokeza mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, akaomba kuingia darasa la kwanza katika shule moja ya Eldoret, akapokewa. Saa yake ilikuwa imechelewa kwa muda wa umri mzima wa mtu. Tulimsifu kwa ujasiri wake, na kweli alikuwa jasiri. Lakini kuketi kwake katika dawati la watoto kulikuwa pia hati ya deni, na wadeni ni wale wote walioishi kabla yake na pamoja naye bila kuuliza.

Haitakuja sheria itakayoondoa mambo yasiyotazamiwa, wala haifai itamaniwe. Ada zikiondolewa zote, bado atakuwako mtoto mmoja anayehitaji neno ambalo halimo katika sheria yoyote. Kwa hiyo wajibu wetu ni wa namna mbili. Kwa yale yanayoweza kuwa haki, tusiyaache yawe bahati. Na kwa yale ambayo hayawezi kuwa ila bahati, tuwe na desturi ya kuuliza swali dogo kwa ajili ya asiyekuwapo, pasipo kungoja kujua kama litazaa kitu. Nderitu hakungoja kujua.