Ushahidi wa Macho

Niliporudi Tanga kutoka Hispania, wazee wa barazani hawakuniuliza habari za treni wala za chakula. Walikuwa wamesikia kwamba nimeingia msikiti mkubwa wa Cordoba, wakataka kujua neno moja tu: uliswali? Muuza kahawa alikuwa anagonga vikombe vyake. Baba Mkubwa, aliyenilea tangu baba yangu alipofariki, alikuwa amekaa ukingoni mwa baraza, viganja vyote viwili juu ya bakora, ananitazama usoni. Nikasema ndiyo, niliswali, rakaa mbili, mbele ya mihrabu. Akafumba macho, akasema alhamdulillahi, kisha akanishika mkono na hakuuachia upesi.

Sikuswali. Nilikuwa mpishi wa meli ya mizigo. Meli ilitia nanga Algeciras ikingoja kipuri cha injini, nahodha akatupa siku mbili, nikapanda treni. Jengo lile limekuwa kanisa kuu tangu 1236, na Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo. Nililijua hilo kabla sijakata tiketi, na nilikuwa mgeni katika nyumba ya watu. Nilisimama, nikatazama, nikatoka. Lakini pale barazani, mbele ya macho yale ya Baba Mkubwa, kusema "nilitazama" kulionekana kudogo mno.

Nimeishi na uongo ule miaka mingi, na ndio ulionisukuma kwenye swali ambalo chuoni hatukulifikia: Mwenyezi Mungu anataka nini kwa mtu anayesafiri ili kwenda kutazama tu? Si mfanyabiashara, si mgonjwa anayetafuta daktari, si anayekwenda kuhiji. Ni yule aliyeamka siku moja akasema, nataka nikaone.

Ukiwauliza wenye elimu watakupa mambo mawili ambayo kwa mtazamo wa kwanza yanaonekana kuvutana. La kwanza, Kurani katika zaidi ya sura moja inawaamuru watu watembee duniani, waangalie waliowatangulia waliishia wapi. La pili, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaambia umma wake kwamba safari hazifungwi ila kwenda misikiti mitatu: wa Makka, wa Madina na wa Baitul Maqdis. Wanazuoni wengi wanasema hadithi hiyo inahusu fadhila ya sala, yaani usijichoshe kuuendea msikiti mwingine kwa kudhani una thawabu zaidi ya ule wa mtaani kwako. Wengine waliikaza zaidi. Ibn Taymiyya alikataza hata kufunga safari kwa ajili ya kuzuru makaburi, na fatwa hiyo ilimtia kifungoni katika ngome ya Damascus mwaka 1326. Hakutoka akiwa hai. Alifariki humo 1328.

Mwezi mmoja hivi baada ya kufungwa kwake, aliingia Damascus kijana wa Tangier aliyekuwa ameanza safari mwaka uliotangulia akiwa na umri wa miaka 21. Ni Ibn Battuta. Nimesoma habari zake kwa hamu kubwa, kwa sababu bahari yetu aliipita: alifika Mombasa, akafika Kilwa mwaka 1331. Katika kitabu chake anasema kwamba alimwona Ibn Taymiyya juu ya mimbari akihutubia. Wanahistoria wamehesabu tarehe, wakaona haielekei, kwa maana yule sheikh alikuwa tayari yuko ndani. Nilipolisoma hilo nilikiweka kitabu chini. Mtu aliyetembea karibu miaka 30, aliyeona mengi kiasi kile, alihitaji nini hata aongeze hutuba moja ambayo huenda hakuisikia? Nilimwelewa kuliko nilivyopenda kumwelewa.

Baada ya kuacha kazi ya meli nilikwenda Kilwa. Nilivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko asubuhi na mapema, maji yametulia. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani una sehemu mbili. Ile ya kaskazini ni kongwe, ya karne ya 11. Sehemu ya kusini, yenye matao na kuba, iliongezwa baadaye, na ilikuwako katika zama za Sultani Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta anamsifu kwa ukarimu. Nilikaa humo hadi jua likaanza kuchoma. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na palipobanduka chokaa unayaona matundu yake madogo madogo, yamepangana kama sega la nyuki. Nilitia ukucha katika tundu moja, ikatoka chembe ya mchanga mweupe. Kitu kile kiliwahi kuwa hai chini ya maji kabla hakijawa ukuta wa nyumba ya Mungu.

Sasa rudi kwa Ibn Battuta. Alikuja hapa, akaiandika Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, iliyojengwa kwa ufundi, na nyumba zake akasema ni za mbao. Za mbao! Ni kweli watu wengi wa mji waliishi katika nyumba za miti na udongo, lakini huu ukuta niliouegemea, je? Kumbukumbu zake zilikuja kuandikwa Fez na mwandishi mwingine, Ibn Juzayy, kitabu kikamalizika 1355, miaka 24 baada ya Kilwa. Simlaumu kwa kusahau. Ila nimeona uzito wa jambo: sisi tuliozaliwa pwani hii, tukitaka kujua sultani yule alikuwa mtu wa namna gani, tunamkimbilia mgeni aliyekaa siku chache. Macho yake yamekuwa yetu, tupende tusipende.

Hapo ndipo nilipopata ninachoamini kuwa jibu, na lugha yetu ilikuwa inaniambia siku zote. Tunasema fulani ameshuhudia harusi, yaani alikuwapo akaona. Tunasema fulani ameshuhudia mahakamani, yaani amesimama akasema. Na shahada, nguzo ya kwanza ya dini, imetoka katika shina lilo hilo. Kuona na kusema ulichoona havikutenganishwa. Hata neno kutalii, ambalo leo linatukumbusha kofia pana na magari ya mbugani, ni ndugu wa tumbo moja na mutalaa, kusoma kwa makini. Anayekwenda kutazama nchi ya watu anaisoma, na akirudi atasomea wengine ambao hawatafika kule maisha yao yote. Baba Mkubwa hakuwahi kupanda ndege. Alinikabidhi macho yake nikaenda nayo Cordoba, nikamrudishia kitu ambacho hayakukiona.

Kwa hiyo sioni tena mvutano kati ya aya na hadithi. Hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta utukufu wa mahali, maana sala ya mtaani kwangu inatosha. Kinachotafutwa huko mbali ni ushahidi, na shahidi haruhusiwi kuongeza hata kama anachoongeza ni kitu kizuri, hata kama ni sala. Pengine hasa kama ni sala. Naumia ninapowaona vijana wa melini wakishuka bandari ya watu kwa saa nne, wakaupa mji mgongo, wakapiga picha, wakarudi. Ukiwauliza mji ulikuwaje wanakuonyesha nyuso zao wenyewe.

Baba Mkubwa alifariki mwaka juzi, wakati wa kiangazi. Siku ya hitima, baada ya kisomo, mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na mitano, alisimama akawaeleza watu wema wa babu yake. Akasema babu alikuwa akiwasimulia kila Ramadhani kwamba ipo damu yetu iliyosujudu Cordoba baada ya mamia ya miaka. Watu wakanigeukia, wakatikisa vichwa kwa heshima. Pilau ikaletwa. Sikuweza kula.

Nilimwita kijana nyuma ya nyumba, tukakaa juu ya mkeka, nikamwambia ukweli wote. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa, Mzee, wewe uliona nini hasa?"

Nikamweleza. Nguzo zaidi ya 800, marumaru na mawe ya rangi mbalimbali, nyingi za sehemu kongwe zilitolewa katika majengo ya Warumi na ya watu waliowafuata. Hazikutosha kuinua paa, basi mafundi wakaweka matao juu ya matao, tofali jekundu kwa jiwe jeupe. Kazi ilianza mwaka 785, kwa amri ya Abdurrahman, mwana wa ukoo wa Umaiya aliyekimbia Sham ndugu zake walipouawa. Na mbele ya mihrabu, kwa mazoea ya meli, nilitoa simu nikatazama dira. Kutoka Cordoba, Makka iko mashariki, kusini kidogo tu. Mihrabu ile inaelekea kusini zaidi. Wapo wanaosema walifuata mpango wa mitaa ya zamani, wapo wanaosema Abdurrahman alijenga kama walivyojenga Damascus, mji wa wazee wake, ambako kibla ni kusini. Nilisimama pale nikamfikiria mtu aliyepoteza kwao, na watu wake karne kwa karne wakisujudu kuelekea kusini kama watu wa kwao. Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Kijana alitaka kuelewa vizuri. Nikachukua kokwa tatu za tende kutoka kwenye sahani, nikazipanga juu ya mkeka: hii Cordoba, hii Makka, na hii ndiko mihrabu inakotazama. Akainama, akaisogeza ile ya tatu kwa kidole kuelekea mashariki, ikawa sawasawa na Makka.

"Ingekuwa hivi, Mzee."

"Irudishe," nikamwambia. "Iweke pale nilipoikuta."